Jozi ya Viatu Yenye Kamba

Ifakara, 9 Machi 1997

Mdogo wangu Jofrey,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika mvua ikiwa imesita kidogo, ndiyo nimepata mwanga wa kuiona karatasi. Mimi na binti yangu Getrude tu wazima. Goti langu la kushoto halijaniuma tangu Kwaresima ianze, labda limefunga na lenyewe. Mpunga wetu kule Michenga umesimama vizuri, isipokuwa pembe ya kule mtoni, waliingia ng'ombe wa Limbu, yule jirani yetu Msukuma aliyehamia mwaka juzi. Ulikuwa usiku, nisingemjua. Asubuhi akaja mwenyewe na kibuyu cha maziwa, akasema mama, ni ng'ombe wangu. Nikamsamehe palepale. Unanijua, mtu akinijia mlangoni kwa miguu yake mimi sina kazi ya kununa.

Theresia mkeo hajambo? Na watoto? Wasalimie wote, mmoja mmoja.

Sasa hili la kiwanja cha marehemu baba pale Mang'ula. Barua yako ya Januari niliipata. Unataka nisaini ile karatasi ya serikali ya kijiji ili ufungue duka la kukodisha vifaa vya kupandia mlima, kama hilo lako la Moshi, kwa kuwa sasa kuna hifadhi na wageni wanakuja. Sijakataa. Ila sijasaini, na sababu yake nakwambia.

Julai tarehe kumi na nne Festo anatimiza mwaka kaburini. Mwanangu wa kiume, wa pekee, amefia juu ya mlima akiwa amebeba mizigo ya watu. Wewe mjomba wake ndiye uliyemchukua hapa kwangu ukampa kazi hiyo. Na mimi mama yake mpaka leo sijui mlima ni kitu gani. Nimezaliwa bondeni, nimezeeka bondeni, mahali pa juu kabisa nilipowahi kupanda ni ngazi za kanisa. Nimeamua nipande. Huo mlima wenu mkubwa siuwezi, lakini Mwanihana uko hapahapa nyuma ya Mang'ula, naambiwa ni siku tatu kwenda na kurudi, unasindikizwa na askari wa hifadhi. Nataka nikasali rozari juu kule nione alichokiona.

Fundi wa mambo haya ni wewe. Niambie nivae nini, kuanzia miguuni. Niandikie kwa uangalifu, kama unamwandikia mtu ambaye hutaki afe.

Dada yako,
Odilia


Moshi, 2 Aprili 1997

Dada Odilia, shikamoo.

Barua yako imefika wiki ya Pasaka, nikaisoma mara mbili. Theresia anakusalimu sana. Mtoto wa mwisho ameota meno mawili na ameshamng'ata mwenzake. Huku ni masika, wageni hakuna, nashinda kibandani napaka mabuti mafuta.

Dada, nimecheka, usinichukie. Miaka arobaini na tisa na goti lile? Msomeshee Festo misa hapo parokiani, Mungu anasikia hata bondeni. Halafu saini tu ile karatasi, nikifungua duka nitakupeleka mwenyewe polepole mpaka maporomoko ya Sanje, upige picha.

Lakini umeniuliza, na mimi nikiulizwa mambo haya siwezi kunyamaza.

Anza na viatu. Vingine vyote unaweza kuazima. Chukua namba moja zaidi ya mguu wako, maana utavaa soksi mbili, nyembamba ndani na ya sufu nje. Kiatu kikiwa bado hakijafungwa, sukuma mguu mbele, kidole chako cha shahada kipite nyuma ya kisigino. Kisha shuka ngazi ukiwa umekivaa. Vidole vikigonga mbele, kirudishe. Kata kucha kabla ya safari, watu wengi hupoteza kucha wakati wa kushuka. Kivae nyumbani mwezi mzima, ukipika, ukifagia, kijuane na mguu.

Soli iwe imeshonwa. Usikubali buti lililobandikwa gundi, hata uambiwe ni gundi ya Ulaya. Likiwa rafuni linang'aa. Ukivuka maji mara mbili linaanza kucheka, soli inaachama kama mdomo. Mtu ambaye kiatu kimeanza kumcheka mlimani hubaki nyuma ya wenzake, na aliyebaki nyuma hupoa, na aliyepoa hutamani kukaa chini apumzike kidogo tu. Akishakaa ndiyo basi.

Nguo za pamba acha nyumbani, zikilowa zinanyonya joto la mwili. Tafuta sweta la sufu na koti la mvua lisilopitisha upepo. Begi liwe na mkanda wa kiunoni, mzigo ukae nyongani, mabega yapumzike. Na fimbo.

Nimeandika sana. Habari za Festo nilikwandikia mwaka jana. Kilikuwa kifua, dada, kilimbana ghafla. Tusirudi huko.

Karatasi ya kiwanja inasubiriwa.

Mdogo wako,
Jofrey


Ifakara, 18 Mei 1997

Mdogo wangu Jofrey,

Marahaba. Meno mawili ni neema, mwambie Theresia ampake asali kwenye ufizi yanayobaki yasimsumbue.

Leo nina ya kukuchekesha. Nimeanza mazoezi. Kila wiki napanda treni mpaka Mang'ula kwa Yunis, binti wa baba mdogo, nalala kwake, kesho yake naingia nao msituni siku ile wanawake wanayoruhusiwa kuokota kuni. Mara ya kwanza niliishia kwenye mwinuko wa kwanza kabisa. Nikakaa. Wenzangu wakanipita na mizigo kichwani wakiimba, mmoja akaniambia, mama wa Ifakara, huku hakuna kigoda. Mara ya tatu nikarudi na mzigo wangu. Sasa wananiita Askari. Limbu kanitengenezea katambuga za tairi la trekta, nzito kama dhambi, lakini zinashika tope.

Nimejifunza kitu ambacho hukukiandika. Ukipanda usitazame juu. Tazama visigino vya aliye mbele yako, usimwache. Ukimtazama mtu visigino siku nzima unamjua.

Kuna jambo nataka kukuuliza kwa utulivu. Ule mzigo wa nguo za Festo uliokuja na jeneza sikuwahi kuufungua. Wiki jana nimeufungua, nikitafuta soksi. Ndani mna viatu, vyeusi, vimezungushwa kamba ya katani mara nne kila kimoja, fundo juu. Nilipoikata kamba ya kulia nikaivuta soli kama ulivyonifundisha. Ikatoka yote mkononi, na gundi yake ya njano kama usaha.

Sasa Festo aliniandikia Juni, mwezi mmoja kabla ya kufa, kwamba mgeni mmoja Mjerumani alipomaliza safari alimwachia mabuti yake. Ya kahawia, soli imeshonwa kwa uzi mweupe, kamba nyekundu. Alifurahi hata akayachora pembeni ya barua. Mimi si mtu wa viatu, lakini kahawia na nyeusi nazijua. Labda wewe utanieleza.

Na kwa kuwa sasa najua kuchagua, naomba unitafutie jozi yangu hukohuko. Mguu wangu unaujua, mlikuwa mkinitania tangu utoto, namba nane ya kiume. Festo aliurithi. Ukiongeza ile namba ya soksi inakuwa tisa. Kilichomfaa Festo kinanifaa mimi.

Dada yako,
Odilia


Moshi, 20 Julai 1997

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Wageni wamekuwa wengi, hata tarehe kumi na nne nilikuwa getini tangu alfajiri, sikuweza kwenda misa. Theresia alikwenda.

Kijana mmoja mpagazi, Alex, anakwenda kwao Mngeta kupumzika, nimempa mzigo wako akuletee. Kuna koti la mvua, sweta la sufu, soksi jozi nne, begi la mgongoni lenye mkanda wa kiunoni, na viatu. Viatu ni bora kuliko vyote nilivyo navyo. Usirudishe. Ni vyako.

Kuhusu vile vyeusi, mambo ya mlimani yana mchanganyiko mwingi, watu huazimana. Siwezi kukumbuka kila kitu.

Ukiona inafaa, nirudishie karatasi kwa mkono wa Alex.

Jofrey


Ifakara, 10 Agosti 1997

Jofrey,

Alex amefika salama. Nilimkaribisha uji wa mchele na samaki wa kukaanga, akala vizuri, ni kijana mwenye adabu. Mpaka nilipofungua mzigo nikatoa viatu. Hapo akaacha kula.

Ni vya kahawia. Uzi mweupe. Kamba nyekundu zimefifia kidogo. Nikaingiza mkono ndani, nikaukunja ulimi wa kiatu. Jofrey, ipo pale, imechomwa kwa msumari wa moto. Mistari mitatu, na mmoja wa kuikata.

Unaikumbuka alama hiyo. Baba alikuwa akiikata kwenye mpini wa kafi lake pale Kivukoni ili mwenye mtumbwi mwingine asijesema ni lake. Akaikata kwenye jembe, kwenye kinu, kwenye kitanda nilichojifungulia. Mimi nikamfundisha Festo. Kila alichokipenda alikichoma alama ya babu yake. Na wewe ulikuwa unaikata kwenye mabua ya mtama ukiwa na miaka minne.

Nilimuuliza Alex taratibu. Hakutaka kusema, nikamwambia, mwanangu, mimi ni mama wa marehemu, huniogopi mimi, unamwogopa mwajiri wako. Akasema. Asubuhi ya safari yake ile ya mwisho, mgeni mmoja alikuwa amepotelewa na begi lake uwanja wa ndege, anatafuta mabuti namba tisa, na safari inaondoka. Ukatazama rafu, hamna. Ukatazama miguu ya mpwa wako. Ukamwambia vua, ni safari moja tu, mgeni akirudi utavipata. Ukampa vile vyeusi. Akavivaa, akakunja mguu, akasema, "Mjomba, hivi vinacheka." Ukamwambia umevibandika mwenyewe.

Siku ya nne wakishuka, mvua ya mawe, soli ya kulia ikatoka. Akaifunga kamba. Akafunga na ya kushoto. Wenzake hawakumwona nyuma mpaka walipofika kambini na kuhesabu mizigo. Walimkuta asubuhi chini ya jiwe, ameketi, mzigo wa mgeni bado uko mgongoni. Wewe ukaniandikia kifua.

Nami nikwambie langu, maana sijawahi kukuficha kitu tangu ukiwa mgongoni kwangu. Novemba iliyopita, kabla hata ya kujua habari za viatu, kwa sababu tu hukuja kumzika mpwa wako, nilikwenda parokiani kuandikisha majina ya marehemu wetu. Unajua wanavyosema watu hapa, kwamba mtu aliye hai jina lake likisomwa kwenye misa ya wafu hafiki Jumapili ya Matawi. Katekista Apolinari akawa anaandika. Baba. Mama. Mume wangu. Festo. Nikasema, Jofrey.

Akainua macho. "Jofrey naye amefariki lini?"

"Bado," nikamjibu.

Akaweka kalamu chini. Hakuandika, akanipeleka kwa padri nikaungame. Niliungama. Lakini nakwambia kweli mbele ya Mungu, nilipotoka kitubioni bado nilikuwa natafuta kalamu nyingine.

Basi sikiliza. Unataka kiwanja. Septemba utakuja. Tutapanda Mwanihana pamoja, mimi na wewe na askari wa hifadhi. Mimi nitavaa vya kahawia. Wewe utavaa vyeusi, mguu wako ni tisa, nakumbuka. Nimeshaviweka gundi upya, ya dukani, nzuri, wameniambia ni ya Ulaya. Ukikataa, nitaviweka viatu hivi mkekani mbele ya ukoo mzima, na barua zako zote, nao watakuuliza wanavyojua wao.

Nivae nini juu ya hapo umeshanifundisha. Ahsante kwa sweta, linanitosha.

Odilia


Moshi, 27 Agosti 1997

Dada, shikamoo.

Nakuja. Nitafika kwa treni, Jumamosi tarehe 20 Septemba.

Jofrey


Moshi, 14 Oktoba 1997

Dada Odilia, shikamoo.

Nisamehe kwa kuondoka na treni ya alfajiri bila kukuaga. Yunis ataniona sina adabu. Nilifika nyumbani na homa, Theresia ananikanda miguu kwa maji ya chumvi. Kucha tatu zimetoka. Sisemi ili unionee huruma, nasema kwa kuwa ulisema niandike kila kitu.

Nimepanda mlima mkubwa zaidi ya mara sitini, dada, sijawahi kuona safari kama ile. Pale mwanzo wa njia yule askari alinitazama miguuni akauliza, "Mzee wa Moshi, ndivyo mnavyovaa huko kwenu?" Ukamjibu, "Huyo ni fundi, anajua anachofanya." Akacheka. Mimi na wewe hatukucheka.

Mto Sonjo tuliuvuka mpaka nikachoka kuhesabu. Mara ya nne soli ya kulia ikaachia. Ukasimama upande wa pili, umeegemea fimbo yako, unaningojea. Hukusema pole. Ulitia mkono mfukoni ukatoa kamba ya katani, na ilikuwa imeshakatwa vipande viwili vya urefu uleule. Nikafunga mara nne, fundo juu. Na cha kushoto nikakifunga kabla hakijaachia, maana nilijua.

Sijui kama unajua jinsi ulivyotembea. Mazoezi ya kuni yamekufanya mpandaji. Siku ya pili ulikuwa mbele yangu, nami nikawa natazama visigino. Vile visigino vya kahawia siku nzima. Nikifumbua macho ni wewe, nikifumba ni Festo.

Kule juu kwenye majani, ukungu na manyunyu, vidole nilikuwa sivisikii tena. Ukapiga magoti ukaanza rozari. Nikaitikia. Utuombee sisi wakosefu. Kwenye fungu la tatu ukaikatiza ukaniuliza, "Tunamwombea nani?" Nikasema Festo. Ukasema, "Festo ameshaombewa." Ukaningoja. Hata askari aliondoka akaenda kutazama nyayo za nyati ambazo hazikuwepo.

Nikasema nilijua gundi ilikuwa ya jana yake. Nikaishia hapo. Wewe ukaendelea na rozari kama umesikia tu bei ya mchele.

Lililobaki naliandika, mdomo uliniishia. Gundi ile inataka siku tatu kukauka. Nilijua. Nilimtazama akitoka getini nikajisemea, ni kijana, atafika. Walipomleta sikuweza kukaa na maiti yake kwenye gari siku mbili mpaka kwako. Mgeni alinirudishia viatu vya kahawia kesho yake, amevisafisha, akasema ahsante. Sikuvikodisha tena hata siku moja. Na alama niliiona siku nafunga mzigo wako. Kisu kilikuwa mezani, ningeweza kuikwangua. Sikuikwangua.

Naomba unisamehe, dada. Pamoja na barua hii nimeweka karatasi ya kiwanja. Upande wangu nimesaini. Nafasi ya jina la mwenye duka nimeiacha wazi, weka utakavyoona.

Mdogo wako,
Jofrey


Mang'ula, 1 Machi 1998

Mdogo wangu Jofrey,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako ilinifikia Januari. Mvua hizi zimevunja kila kitu, reli ilikatika, Michenga walihama na mitumbwi, mpunga wote umelala chini ya maji. Getrude na mimi tuko salama, tumehamia huku Mang'ula kwa Yunis tangu Krismasi. Limbu alipoteza ng'ombe kumi na mmoja, tunamsaidia kwa tulicho nacho. Natumaini homa imekuachia. Kucha zitaota, kata sawasawa zisiingie nyamani.

Karatasi nimeisaini, na serikali ya kijiji imeshapiga muhuri. Pale ulipoacha wazi nimeandika jina la Getrude. Chumba ni kimoja, cha bati, kinatazama barabara ya kwenda lango la hifadhi. Juu ya mlango Yunis kaandika kwa rangi, FESTO, VIFAA VYA MLIMA. Tuna jozi saba za mabuti ya mitumba, makoti matano, mabegi, fimbo nilizochonga mwenyewe. Mvua zikipungua wageni watakuja, wachache wameshaanza. Mimi nashughulika na viatu. Anayekuja simruhusu achukue kwa rangi. Namkalisha, namvika soksi mbili, naweka kidole nyuma ya kisigino, namshusha ngazi ya mlangoni mara tatu. Soli zote navuta kwa mikono yangu miwili, kwa nguvu zangu zote, kabla kiatu hakijatoka kwenda na mtoto wa mtu. Yote umenifundisha wewe. Barua yako ya Aprili iko kwenye droo, Getrude anaisoma ajifunze kazi.

Hukuikwangua alama, sawa, hilo nimelipokea. Lakini hukuiandika pia. Uliniachia niingize mkono gizani niipapase mwenyewe.

Na kuna jambo ulikuwa hulijui. Kule juu, wewe ukitetemeka, begini mwangu zilikuwemo katambuga kavu nyingine alizotengeneza Limbu, za namba yako, na soksi mbili za sufu. Nilizibeba tangu nyumbani. Nilikuwa nimejiambia kwamba ukisema, nazitoa. Ukasema nusu. Nikashuka nazo mpaka chini, siku nzima, nikikusikia nyuma yangu ukiburuta ile kamba mtoni. Nataka ulijue hilo nami nimeliungama. Padri akanipa malipizi ya kukusamehe. Nikamwambia, Baba, mlima niliuanza na mzigo mmoja wa kuni, hili nalo nianze na kidogo. Akasema anza. Kwa hiyo nimekujibu barua.

Umeniomba msamaha kwa posta. Limbu alikuja na kibuyu.

Vile vyeusi ulivyoviacha kwa Yunis nimevitundika nje, kwenye msumari pembeni ya mlango, na kamba zake kwa mfungo wako uleule, sijavitoa tope. Kila mgeni anayeingia huvitazama. Wengine wanadhani ni ukumbusho, wanavua kofia, wananiuliza kwa sauti ya chini mwenye viatu hivi alifia mlima gani. Nawaambia hajafa. Ni mdogo wangu, yuko hai, na njia ya hapa anaijua.

Dada yako,
Odilia